Unga Kwenye Saa ya Nesi

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha kiwanda cha glovu, juu ya ndoano za mikoba, umepita waya mrefu kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye waya huo imening'inia mikono ya watoto. Mgeni akiingia bila kuambiwa huruka nyuma, kiganja kifuani, mpaka aje acheke mwenyewe kwa aibu. Ni mikono ya mpira tu. Mfanyakazi akipata mtoto, na mtoto akishakaza mifupa, humchovya kiganja kwenye utomvu, akauacha ukauke, akauvua taratibu kama soksi, kisha akaandika jina la utani la mtoto kwa wino mzito na kuuning'iniza hapo kwa kibanio cha nguo. Nani alianza, hakuna anayejua. Ile ya zamani imegeuka njano na kupasuka vidole, na wenyewe siku hizi wana ndevu.

Mama Chiriku alikuwa na kibanio chake pale, chekundu, kwa miaka minne sasa, na hakikuwa kimebana kitu.

Chiriku alizaliwa na tundu dogo mgongoni, mahali ambapo mfupa ulisahau kufunga. Alikuwa ameshapasuliwa mara tatu. Leo ana mshono, kesho ana homa, keshokutwa daktari amekataza asiguswe. Basi mkono wake ukawa unaahirishwa. Ulimi wake tu ndio haukuhitaji matibabu. Uliamka kabla ya watu wote na kulala wa mwisho, ndiyo maana akaitwa kwa jina la yule ndege mpiga kelele. Miguu ndiyo ilikuwa mizito. Upasuaji wa nne, daktari alisema, ungelegeza mshipa unaovutwa mgongoni, na mambo yakienda vizuri mtoto angeweza kutembea bila kushikwa. Mama yake alilichukua neno hilo akaenda nalo nyumbani. Bila kushikwa. Alilirudia akifua, alilirudia akisuka nywele, hata darasani jioni, alikokuwa anasomea kumaliza sekondari, aliliandika pembeni mwa daftari la sayansi.

Kazi yake kiwandani ilikuwa ukaguzi. Kulikuwa na matangi mawili. La kwanza lilikuwa la mpira wa mti: utomvu mweupe unaoletwa na mapipa kutoka mashamba ya mbali, ambako watu huchanja gome kwa mshazari asubuhi na mapema na kukinga tone kwa tone kwenye kikombe. La pili lilikuwa la mpira wa mafuta. Huo nao ni mweupe, nao unamiminika kama maziwa, ila haujawahi kuona jani. Umepikwa na wataalamu kutokana na mafuta ghafi. Mikono ya kauri iliyofungwa kwenye mnyororo ilishuka ikachovya, ikapita kwenye tanuri, ikatokea upande wa pili imevaa glovu. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Za mti zilipakwa unga laini wa wanga ili zisigandane, zikaingia maboksi meupe. Za mafuta zilioshwa kwa dawa, hazikupakwa unga, zikaingia maboksi ya kijani. Ndani ya kila boksi mkaguzi alitia kikaratasi chenye namba yake. Namba ya Mama Chiriku ilikuwa kumi na nne, na aliipenda. Alijaza glovu upepo, akaigeuza mbele ya taa, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto.

Aliyemtafutia kazi hiyo ni Shangazi, dada wa baba yake, ndiye pia aliyemlea. Shangazi alikuwa ameosha mikono ya kauri miaka ishirini na miwili, na kiwanda kizima kilimwita Shangazi, hadi msimamizi. Alikuwa na msimamo wake kuhusu yale matangi, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

"Cha mti hakina neno," alizoea kusema. "Mti unakamuliwa kama ng'ombe. Sumu ni hayo mafuta yenu."

Jumamosi moja alasiri, siku tisa kabla ya upasuaji, aliingia nyumbani kwa Mama Chiriku bila hodi, ameshika chupa ya jamu iliyojaa kitu cheupe.

"Naona kibanio chako kinazeeka bure," alisema. "Mtoto anaingia tena hospitali, atatoka lini nani anajua. Leo tunamaliza huku kuahirisha. Nimeleta."

"Wa tangi gani, Shangazi?"

"We! Nimchovye mjukuu wangu kwenye mafuta ya lori? Wa mti huo. Nimeuacha wazi tangu jana harufu ya ile amonia ya kuuhifadhi ipungue. Nusa uone."

Chiriku alikuwa ameshajivuta hadi kwenye ukingo wa meza. "Bibi, hayo ni maziwa?"

"Maziwa ya mti, kipenzi changu."

"Kwani mti una mtoto?"

"Mtoto wake ni wewe. Lete huo mkono, acha maswali ya polisi."

Walimimina utomvu kwenye bakuli. Chiriku alizamisha kiganja mpaka kwenye kifundo, akapiga ukelele kwa ubaridi wake, akautoa ukiwa mweupe pe, akaucheka. Mama alimpepea kwa daftari. Shangazi alimhesabia vidole. Mpira ulianza kukauka na kuwa wa rangi ya asali.

"Unanivuta," Chiriku alisema. "Nina mkono wa bibi kizee kama wa Bibi."

"Ona mdomo wake!" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, unawasha."

"Usijikune, mpenzi, utachanika."

"Unawasha, mama."

"Vumilia kidogo tu. Bado kidogo sana."

Baadaye, katika siku zote zilizofuata, maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimrudia Mama Chiriku kichwani. Vumilia kidogo tu. Kwa sababu kilichomfanya ageuke hakikuwa kilio. Ulikuwa ukimya. Chiriku alikuwa amenyamaza, na Chiriku hanyamazi.

Midomo yake ilikuwa imevimba, imepinduka nje. Kope zilikuwa zinafumba zenyewe. Shingoni vilikuwa vimetokea vipele vipana, na kila alipovuta pumzi kifua kililia kama mlango wenye kutu. Mama alirarua ule mpira kutoka mkononi, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, imeumuka hadi kwenye kiwiko.

"Nyuki!" Shangazi alipiga kelele. "Ameumwa na nyuki!" Akapiga magoti, akaanza kumtafuta huyo nyuki chini ya meza.

Mama Chiriku hakukumbuka jinsi alivyofika hospitali. Ilikuwa mitaa miwili tu, lakini alifika na kiatu kimoja. Nesi wa zamu alimpokonya mtoto, akamchoma sindano ya paja palepale mlangoni bila kumvua nguo. Dakika zilipita ambazo Mama Chiriku alihesabu pumzi za mwanawe, moja moja. Kisha kifua kikaanza kufunguka. Chiriku alikohoa, akatapika, akafungua jicho moja.

"Mkono wangu uko wapi?" aliuliza kwa sauti ya mkwaruzo.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yao, anahema, na chupa ya jamu bado ameishika.

*

Asubuhi yake alikuja daktari wa upasuaji mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, ambaye alimfahamu Chiriku tangu ana siku mbili. Aliiweka ile chupa mezani kati yao.

"Huu ndio uliomfanya hivi," alisema.

"Daktari, huo unatoka kwenye mti," alisema Mama Chiriku.

"Na upupu unatoka wapi? Dukani?"

Mama Chiriku aliisogeza ile chupa mbali naye.

"Watu wanauita maziwa ya mti," daktari aliendelea. "Lakini jiulize, mti una mtoto?"

Mama Chiriku alishtuka kusikia swali lile lile, kutoka kwa mtu mwingine.

"Hauna. Basi haunyonyeshi. Utomvu ni ulinzi wake. Mdudu akitoboa gome, unamwagika, unaziba kidonda, unamgandisha mdudu mdomo. Mpapai unao, mtini unao, mfenesi unao. Ndani ya huo wa mpira mna protini, na wapo watu ambao mwili wao ukishaijua, unapigana nayo kama adui. Huyu wako amepasuliwa mara tatu. Kila mara mikono yenye glovu za mti imeingia ndani kabisa ya mgongo wake. Mwili umejifunza."

"Na ule wa mafuta?"

"Ule hauna hiyo protini. Haujapita kwenye mti. Upasuaji wetu tutaufanya kwa glovu za huo tu." Daktari alivua miwani. "Niambie, akila ndizi inakuwaje? Nayo ina protini inayofanana na hiyo."

Chiriku alikuwa akisema ndizi zinauma ulimi. Mama yake alimwambia aache kudeka. Alimponda ndizi kwenye uji ili asizione.

"Na kikohozi?"

"Cha jioni tu. Tulidhani ni baridi."

"Jioni saa ngapi?"

"Nikirudi..."

Alijiona akiingia mlangoni kila jioni, mkoba begani, unga wa wanga umemganda kwenye nyusi na mistari ya viganja, na Chiriku akijiburuta kumlaki. Alijiona akimnyanyua, akiuzika uso wake mdogo kwenye nywele zenye unga, akimwambia tulia mama amerudi. Na mtoto akianza kukohoa. Miaka minne.

"Unga peke yake hauna neno," daktari alisema, safari hii kwa upole. "Ila ukikaa kwenye glovu za mti unanywa ile protini, halafu unaruka hewani nayo. Ulikuwa hujui. Nani angekuambia?"

Siku nane zilizobaki Mama Chiriku alioga kiwandani kabla ya kutoka, akafunga nywele kwa nailoni, akaacha nguo za kazi huko huko. Shangazi alimtazama akijisugua, akaguna.

"Miaka ishirini na miwili nauchezea, mbona mimi sijavimba hata kidole? Madaktari nao wana mambo."

Lakini hakuja tena kumtembelea Chiriku, na hakusema kwa nini.

*

Siku ya upasuaji Chiriku aliwekwa wa kwanza kwenye orodha, kabla hewa ya chumba haijachafuliwa na glovu za mtu mwingine. Mlangoni walibandika karatasi nyekundu yenye herufi kubwa: MTOTO HUYU HAPASWI KUGUSWA NA MPIRA WA MTI. Mama Chiriku aliisoma mara tatu, na kila mara ilimtuliza kidogo.

Ndani, chumba cha maandalizi kilinukia spiriti. Nesi alikuwa kijana, mchangamfu, mwenye saa iliyobandikwa kifuani kichwa chini miguu juu. Alileta boksi jipya la kijani, akampungia nalo Mama Chiriku.

"Umeona, mama? La kijani. Tumeambiwa, tumesikia, tumetekeleza."

"Ahsante, nesi."

"Mbona saa yako imelala?" Chiriku aliuliza kutoka kitandani.

"Haijalala, inanitazama mimi. Haya niambie, tutakuchoma mkono gani, wa kulia au wa kushoto?"

"Wa mama."

Nesi alicheka. Alitoboa boksi, akachomoa glovu, akaivuta mkononi. Mpira uligonga kifundo, *pa*. Akavaa ya pili. *Pa*. Akaushika mkono wa Chiriku kutafuta mshipa.

Dirisha lilikuwa nyuma yake, na jua la asubuhi lilipita begani kwake. Ndani ya mwanga huo Mama Chiriku aliona kitu kikielea. Kilishuka polepole, kama hakina haraka, kikatua kwenye kioo cha ile saa. Unga.

Za mafuta haziwekwi unga. Boksi la kijani. Unga. Boksi la kijani.

"Mwachie!" Sauti ilimtoka hadi yeye mwenyewe akaruka. Aliusukuma mkono wa nesi. "Mwachie mtoto! Hizo ni za mti!"

"Mama, tulia. Wazazi wote huwa na hofu..."

"Zina unga!"

"Mama, boksi ni la kijani, soma mwenyewe."

Alilinyakua, akalichana kwa kucha kuanzia juu hadi chini. Glovu zilimwagika sakafuni. Kikaratasi kilikuwa mahali pake, kimekunjwa mara moja kama alivyozoea kukikunja.

Kumi na nne.

Hapo ndipo Alhamisi ile ilipomjia, yote, na kelele zake. Wiki tatu nyuma. Maboksi meupe yalikuwa yamechelewa, lori linapiga honi nje, msimamizi anakimbia huku na huku. "Pangeni za mti kwenye ya kijani! Stika za kubadilisha zinakuja, zitabandikwa juu!" Yeye na Shangazi walipanga hadi vidole vikafa ganzi. Stika hazikuja. Jioni lori liliondoka. Shangazi aliuliza, "Hivi zile stika?" Na yeye, Mama Chiriku, alikuwa na mtihani wa sayansi jioni ile na alishachelewa, akacheka, akasema, "Shangazi nawe! Mpira ni mpira."

Alikuwa amesema hivyo. Kwa mdomo wake.

"Mama?" Nesi alikuwa anamtazama, hajui amshike au aite watu.

Angeweza kusema amenusa. Angeweza kusema ameota. Alikiinua kile kikaratasi.

"Nimezipanga mimi," alisema. "Namba kumi na nne ni mimi. Nafanya kazi huko zinakotoka. Boksi ni la mafuta, zilizomo ni za mti. Muite daktari, nakuomba, muite sasa hivi."

Nesi alizivua zile glovu kana kwamba zinamuunguza. Kwenye mkono wa Chiriku, pale vidole vya nesi vilipokuwa, vilikuwa vimeanza kuchomoza vipele vinne vyekundu.

Kila kitu kilitokea kwa pamoja. Daktari aliingia na dawa, nesi akasugua mkono wa mtoto kwa maji, mwingine akakisukuma kitanda kuelekea chumba cha pili. Chiriku, ambaye hakuelewa lolote ila kwamba watu wazima wametaharuki, alianza kulia na kunyoosha mikono.

"Mama, nishike!"

Mama Chiriku alipiga hatua moja, akasimama. Alivitazama viganja vyake. Vilikuwa vyeupe. Alikuwa amelichana lile boksi, na unga ulikuwa umemjaa hadi kwenye kucha, kifuani, mapajani.

"Mama hawezi," alisema, na akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Mama hawezi kukushika, mpenzi wangu. Nenda na nesi."

"Nishike!"

Kitanda kilipita mlangoni. Alisikia kilio kikienda na korido, kikipungua, hadi mlango mwingine ukafungwa.

*

Walimpa sabuni, ndoo mbili za maji na gauni la wagonjwa. Alipotoka, daktari alikuwa anamsubiri. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Vipele vimetulia. Kifua kiko safi. Tutaanza mchana, kwenye chumba kingine." Alivuta pumzi. "Maboksi kama hilo ni mangapi?"

"Yaliyotoka siku ile ni mia mbili na arobaini."

Daktari aliegemea ukuta. "Mia mbili na arobaini," alirudia. "Yamekwenda wapi?"

"Hapa. Na kwingine. Sijui kote."

"Na hapa stoo tuna maboksi manane ya kijani. Unaweza kuniambia lipi ni lipi?"

Basi Mama Chiriku alikaa kwenye benchi uani, mbali na wagonjwa, na gauni lake la kuazima, mdomo na pua vimefungwa barakoa, akafanya kazi anayoijua. Kutoka kila boksi alichukua glovu moja. Aliitingisha juu ya kitambaa cheusi. Aliivuta, akaisikiliza, akashusha barakoa na kuipuliza. Ya mti huumuka haraka, laini, duara kama chungu. Ya mafuta hushindana nawe kwanza. Hakuangalia vikaratasi mpaka alipomaliza. Maboksi matatu aliyasukuma kando, na kwenye yote matatu kikaratasi kilisema kumi na nne. Matano yaliyobaki hayakuwa na unga, wala namba yake. Daktari aliyachukua hayo kwa mikono yake mwenyewe.

Kisha aliomba maji na gauni jingine, akaoga upya, ndipo akapiga simu kiwandani, kwenye chumba cha kuoshea, na aliyepokea alikuwa Shangazi. Nyuma yake mnyororo ulikuwa unalia kama kawaida.

"Mtoto vipi?"

"Shangazi, yale maboksi ya kijani ya Alhamisi. Tuliyoyafunga mimi na wewe."

"Yamefanyaje?"

"Moja limefunguliwa hapa. Wamemshika nazo Chiriku."

Mnyororo uliendelea kulia.

"Inabidi waambiwe," alisema Mama Chiriku. "Hospitali zote. Leo."

"Mwanangu," Shangazi alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia, "namba iliyomo humo ndani ni yako. Msimamizi atakataa kwamba alisema. Utabaki wewe peke yako. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na aliyeshikwa nazo ni huyo huyo uliyemza..." Sauti ilikatika. Kisha simu nayo ikakatika, na Mama Chiriku hakujua kama ni mtandao au ni Shangazi.

Alikaa. Saa sita wakamwingiza Chiriku, amelala tayari kwa dawa, mdomo wazi, kimya kile kile. Saa saba. Saa nane. Alijaribu kulitafuta lile neno lake, bila kushikwa, akalikuta limebadilika. Sasa kila alipolitamka alimwona mtoto amenyoosha mikono, na yeye ukutani.

Saa tisa na nusu daktari alitoka, kofia mkononi.

"Mshipa umeachia," alisema. "Hakuna hata kipele kimoja. Nimeuminya mguu wa kushoto, na kidole gumba kikanipiga teke."

Mama Chiriku alikaa chini, pale pale sakafuni, kwa sababu benchi lilikuwa mbali.

*

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Shangazi alipotokea kwenye mlango wa wodi. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, kwenye gauni la maua lililombana, nywele zinachuruzika maji, mikono ameiinua mbele yake kama mtu aliyekamatwa.

"Nimeoga mara tatu," alisema. "Gauni ni la jirani. Nitakaa hapa hapa. Nitamwona kwa mbali."

"Shangazi..."

"Acha niseme kwanza. Nilizima mnyororo. Kile kitufe chekundu. Miaka ishirini na miwili sijakigusa, nilikuwa nadhani ukikibonyeza jengo linaanguka. Kiwanda chote kimya. Msimamizi akaja mbio, ananifokea, nikamwambia andika: kumi na nne, na muosha kauri, na wewe uliyetuambia tupange. Andika watatu. Watu wote walikuwa wamesimama wanasikia, angesema nini? Tumepiga simu mpaka masikio yamewaka moto."

"Yamepatikana?"

"Mia mbili na kumi na moja."

Mama Chiriku alihesabu kichwani. Ishirini na tisa. Mahali fulani, ishirini na tisa. Alimtazama Shangazi na kuona kwamba naye alikuwa akiihesabu namba hiyo hiyo njia nzima.

"Kesho tunaendelea," Shangazi alisema. "Zahanati moja moja, kwa miguu ikibidi."

"Na kazi?"

"Kazi tutaijua baadaye." Alimchungulia mtoto kitandani. "Mimi ndiye niliyeleta ile chupa. Nilimwambia yeye ndiye mtoto wa mti."

Kitandani, kitu kilisogea. Chiriku alikuwa amefumbua macho mazito.

"Bibi," alisema kwa mkwaruzo, "mkono wangu umekauka?"

Shangazi aliuma ukosi wa gauni la jirani.

"Ule uliharibika," Mama Chiriku alijibu haraka. "Tutafanya mwingine."

"Wa maziwa?"

"Hapana. Wa mafuta."

"Ya lori?"

"Ya lori hayo hayo."

Chiriku alifikiri. Ilimchukua muda, dawa zilikuwa bado zinamvuta chini. "Basi huo utakimbia," alisema, akafumba macho tena.

Mama Chiriku aliinuka, akaenda mlangoni. Alimshika Shangazi mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akausogeza kwenye taa ya ukutani. Alikagua mistari yote, katikati ya vidole, chini ya kila ukucha. Akachukua wa kushoto, akaukagua vile vile bila haraka. Kisha alimwinamisha kichwa, akazika pua kwenye nywele zake mbichi na kuvuta pumzi ndefu.

Zilinukia sabuni tu.

"Umepita," alisema. "Ingia."